Mbio za viunzi kwa mbwa wa Nairobi: uani kwako, mkufunzi wa nyumbani, au kundi la uwanjani?

Mwenye mbwa Nairobi akishaona mbwa wengine wakiruka viunzi, wakipenya handaki na kuteremka mbio kutoka juu ya daraja la mbao, huanza kutafuta pa kuanzia. Mchezo huu unaitwa ajiliti, na hapa jijini kuna njia nne za kumwingiza mbwa wako. Umfundishe mwenyewe uani. Umlipe mkufunzi aje nyumbani. Ujiunge na watu wanaokutana wikendi kwenye uwanja mmoja. Au umpeleke mbwa akae kwa mkufunzi wiki kadhaa, arudi akiwa amekwisha kufundishwa.

Hiyo ya nne huwajia wengi kwanza, kwa kuwa ndivyo mbwa wengi wa ulinzi wanavyofundishwa hapa. Naitaja ili niimalize mapema. Kwa mchezo huu haifai, na sababu ya kutofaa kwake ndiyo kipimo nitakachopimia zile tatu zilizobaki.

Ajiliti ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1978 mjini London, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, kuwachangamsha watazamaji kati ya shindano moja na jingine. Waliobuni waliiga mashindano ya farasi ya kuruka viunzi. Lakini farasi ana mtu mgongoni na hatamu mdomoni, ilhali mbwa hukimbia huru. Shindanoni huruhusiwi kumgusa, huruhusiwi kugusa kizuizi, wala huruhusiwi kushika chakula au kichezeo. Mpangilio wa vizuizi hubadilika kila mara, hivyo mbwa hawezi kuukariri. Anachosoma ni wewe: mabega yako yameelekea wapi, miguu inaelekea wapi, umeongeza mwendo au umepunguza, umemwita kabla hajaruka au ameshatua. Nusu ya ujuzi imo mwilini mwa mtu. Mbwa aliyefundishwa mbali nawe hurudi akijua kumsoma aliyemfundisha, na wewe unabaki palepale ulipokuwa.

Kwa hiyo ninapolinganisha njia tatu hizi siulizi sana mbwa atajua nini. Nauliza kila njia inakuweka wewe kwenye nyasi na mbwa wako kwa muda gani, na inakurekebisha vipi.

Mbwa anamfuata nani?

Nyumba nyingi zenye mbwa Nairobi zina utaratibu unaofanana. Mbwa hufungiwa bandani mchana, hufunguliwa usiku alinde, na anayemlisha ni mlinzi au kijana wa shamba. Mwenye nyumba hutoka asubuhi na mapema na kurudi giza limeshaingia. Mbwa wa namna hiyo hawezi kuanza na viunzi. Anaanza na kukujua.

Kwa jambo hili, uani hauna mpinzani. Huna miadi na mtu, hivyo unaweza kugeuza chakula chenyewe kuwa somo. Alfajiri, kabla ya kutoka, sehemu ya chakula chake itoke mkononi mwako kipande kwa kipande: akija ukimwita, akigusa kiganja chako kwa pua, akikaa na kungoja hadi umruhusu. Baada ya wiki chache utamwona anaanza kukutafuta kwa macho. Hakuna mkufunzi anayeweza kukuuzia hilo.

Mkufunzi wa nyumbani ndiye anayehitaji tahadhari hapa. Ukimpa siku ya kazi saa tisa mchana, wewe uko ofisini, na anayesimama naye kwenye nyasi ni kijana wa shamba. Mbwa atajua kupenya handaki, nawe utaletewa video. Kundi la uwanjani halina mwanya huo, maana aliyeshika kamba ndiye atakayekimbia.

Na kama ukweli ni kwamba hutapata muda, ningekushauri umkabidhi mchezo yule ambaye mbwa anamfuata tayari. Mwambie wazi, mlipe saa hizo, umpeleke uwanjani awe ndiye mkimbiaji hasa. Wapo vijana waliokua na mbwa vijijini, wanaosoma mwili wa mnyama vizuri kuliko wengi wetu, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Mtoto wa nyumbani wa miaka kumi na miwili pia anaweza kuwa mkimbiaji mzuri sana, mradi mbwa si mzito wa kumshinda na mtu mzima yuko karibu. Kinachoharibu ni watu watatu kumfundisha mbwa mmoja kwa maneno tofauti: baba anasema "njoo", mama anasema "kuja hapa", kijana anapiga mluzi. Kubalianeni neno moja kwa kila jambo, mliandike na kulibandika kwenye mlango wa banda.

Ardhi

Watu huuliza habari za vifaa kabla hawajaangalia chini. Mimi ningeanza na chini.

Nyua nyingi za nyumba mpya zimetandikwa kabro, yaani matofali ya zege, ukuta hadi ukuta. Kabro ni ngumu, na ikilowa huteleza. Mbwa anayeruka na kutua juu yake mara kwa mara huumia mabega na viungo vya miguu ya mbele, na huenda usijue hadi siku atakapofika mbele ya kiunzi na kukataa. Kwenye kabro, zege au vigae usimrushe kabisa. Zipo kazi nyingi za kufanya bila kuruka, nami nitazitaja.

Bora zaidi jijini ni nyasi za Kikuyu zilizokatwa, nene kiasi cha kuubeba mguu. Lakini angalia zimeota juu ya udongo gani. Pande za Lavington, Runda na Kiambu Road udongo ni mwekundu, hunyonya maji, na siku chache bila mvua zinatosha uwanja ukanyagike tena. Pande za South C na Embakasi, hadi Syokimau na Kitengela, ni udongo mweusi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hunata katikati ya vidole vya mbwa na kuteleza vibaya. Kiangazi hupasuka, na nyufa zake zinaweza kunasa mguu wa mbwa aliye kwenye mwendo. Kabla ya kulipa ada ya kundi lolote nenda ukauone uwanja baada ya mvua, na uulize mwezi wa Aprili hufanya nini. Kundi makini lina jibu: lina sehemu yenye paa, au husimamisha kuruka na kufundisha mambo ya chini.

Kisha nafasi. Kwa kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, kizuizi kimoja hadi kingine huwa ni mita 5 hadi 7 kwa mbwa wakubwa. Ploti ya futi 50 kwa 100 yenye nyumba, gari na kamba za kuanikia nguo hubakiza nafasi ya viunzi viwili na handaki fupi, na mbwa mkubwa anahitaji mahali pa kutua kabla hajaufikia ukuta. Uani hutapata mwendo, utapata msingi. Uwanjani unapata mwendo.

Udhaifu mkubwa wa mkufunzi wa nyumbani ni huu: anakuja na ujuzi, haji na uwanja. Kama ua wako ni kabro tupu, unalipia mwalimu mzuri wa kitu ambacho hakiwezi kufanyika hapo. Katika hali hiyo mwombe mambo ya msingi pekee, au muafikiane mkutane mahali penye nyasi.

Vifaa: nini fundi akutengenezee, nini uache

Kwa gharama, uani huonekana rahisi hadi uanze kununua. Habari njema ni kwamba unachohitaji mwaka wa kwanza ni kidogo, na mafundi wa jua kali wanaweza kukitengeneza chote.

Kiunzi kwanza. Paipu za plastiki za maji zinafaa sana kwa kuwa ni nyepesi. Sharti lisilo na mjadala ni kwamba fito ya kuruka ianguke ikiguswa, upande wowote, bila kukwama. Hapa ndipo wateja na mafundi hukosa kuelewana, maana fundi amezoea kutengeneza kitu kisichoanguka.

"Madam, nikigonga msumari hapa itakaa miaka."

"Hapana fundi, mimi nataka ianguke. Mbwa akiigusa, ianguke hapo hapo."

"Sasa si utakuwa unaiokota kila saa?"

"Nitaiokota."

Mweleze kwamba fito iliyokazwa humkwaa mbwa akiwa hewani na kumvunja mguu, ataelewa. Rangi nayo ina maana. Mbwa huona vizuri bluu na njano, lakini nyekundu juu ya nyasi za kijani haijitokezi machoni pake. Paka fito njano au bluu kwa mistari na nyeupe.

Handaki la mchezo lina kipenyo cha sentimita 60. Handaki la kuchezea watoto, lile la kitambaa linalopatikana mitumbani, linatosha kwa mbwa mdogo na kwa mbwa mkubwa anayeanza, almuradi uweke mifuko ya mchanga pande zote lisibiringike akiwa ndani. Likibiringika mara moja, unaweza kuchukua miezi kumrudisha. Pipa la maji lililokatwa matako lisikaribie mbwa. Kingo zake hukata.

Fito za zigizaga, zile mbwa anazopenya kwa kupinda huku na huku, ni 12 kwa mstari mmoja, sentimita 60 kati ya fito na fito, na mbwa huingia akiiweka fito ya kwanza upande wake wa kushoto. Uani unaweza kusimika sita. Vijiti laini vya plastiki vinavyopinda ni salama kuliko vya mbao.

Paa, yaani mlima wa mbao wa pande mbili, pamoja na daraja na ubao unaoinuka upande huu ukishuka upande ule, viache uwanjani. Kwa mbwa wakubwa paa hufika mita 1.7 kwenda juu, na daraja mita 1.2 au zaidi. Vinataka mbao zisizoteleza hata asubuhi yenye umande, miguu isiyotikisika na mtu wa kusimama karibu. Ubao huo unaoinuka na kushuka ndio unaoogopesha mbwa wengi kwa kishindo chake. Uani weka kipande cha ubao juu ya fimbo nyembamba ya duara, kitikisike kidogo tu, na kila kikigonga chini mpe zawadi. Mbwa akishapenda mlio huo, ubao wa kweli hautamshtua.

Kwa kipengele hiki kundi linashinda wazi: vifaa vizito vipo, na mtu mwingine ndiye anayeviweka. Wapo pia wakufunzi wa nyumbani wanaokuja na viunzi kwenye buti la gari. Uliza kabla.

Zawadi haina haja ya kuwa ya dukani. Maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, kuku asiye na chumvi wala kitunguu, au omena kavu. Mbwa wengi wa hapa hufanya kazi kwa omena kwa bidii kuliko kwa biskuti ya bei kubwa, ingawa mifuko ya suruali yako itanuka.

Jicho la pili, na mbwa wengine

Ukifundisha peke yako, kosa lako hulioni. Mbwa akigonga fito utadhani ni mvivu, kumbe ulimwita akiwa tayari ameruka, akageuza kichwa hewani, miguu ya nyuma ikashuka. Simu juu ya kigoda inasaidia sana: rekodi, kisha tazama pole pole. Usimtazame mbwa peke yake, tazama miguu yako. Hata hivyo, video hukuonyesha kosa, haikuambii dawa yake.

Mkufunzi wa nyumbani hukupa saa nzima ya jicho lisilogawanyika. Kwa kumrekebisha mtu, hakuna njia ya haraka kuliko hii, ikiwa upo. Kwenye kundi jicho hilo linagawanywa kwa mbwa sita au wanane, lakini unafaidi mambo mawili ambayo hayapatikani nyumbani. Unaona makosa yako kwa wenzako, ambako ni rahisi kuyaona. Na mbwa wako anapumzika kati ya zamu na zamu. Mkimbiaji mwenye hamu, akiwa peke yake na mbwa wake, huzidisha. Mazoezi ya dakika tano au kumi, mara mbili kwa siku, yanazaa kuliko saa nzima ya mfululizo.

Kisha kuna suala la mahali. Mbwa hujifunza jambo pamoja na pale alipojifunzia. Anayengoja vizuri uani, ukimpeleka uwanjani penye harufu za mbwa kumi atakuwa kama hajawahi kulisikia neno hilo. Hajasahau wala hakudharau, anahitaji kufundishwa upya pale, kwa hatua fupi, na mara hii atashika haraka. Anayefundisha uani pekee hugundua hili akiwa amechelewa. Kwa hiyo hata ukichagua uani, tafuta mahali pa pili. Kutembea Karura ni mazoezi mazuri ya mwili na ya kutulia mbele za watu, huku amefungwa kamba kama kanuni za msitu zinavyotaka.

Kiwanja cha estate ni jambo la kufikiria mara mbili. Watu wengi Nairobi wanaogopa mbwa, na wana sababu. Wapo majirani ambao kwa imani yao hawataki mate ya mbwa yawaguse wala yaguse nguo zao za swala. Mbwa asiye na kamba kwenye kiwanja cha watoto ni ugomvi unaosubiri kutokea, hata awe mpole namna gani. Nenda mapema, kiwanja kikiwa kitupu, mbwa akiwa kwenye kamba ndefu, na mtu akitokea mshike. Kundi lenye uwanja uliozungushiwa ua linakuondolea mzigo huu wote, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kulipa ada.

Mbwa mwenye hofu ya watu au anayewarukia mbwa wenzake asianze na kundi. Huyo ni wa mkufunzi wa nyumbani, taratibu, hadi aweze kutulia mbwa mwingine akiwa ng'ambo ya uwanja.

Saa na foleni

Hapa tuko karibu na ikweta. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Hakuna msimu wa jioni ndefu za kufanyia mazoezi baada ya kazi, na mtu anayetoka Upper Hill saa kumi na moja atakuta giza nyumbani. Kwa hiyo siku za kazi zimebaki alfajiri, na alfajiri ni uani. Wikendi ndiyo ya kundi, na hapo uangalie mahali: uwanja mzuri ulioko Karen si mzuri tena ikiwa unatoka Kasarani na mbwa anatapika garini.

Kati ya Januari na Machi jua la saa sita mchana ni kali. Mbwa hajipozi kwa jasho la ngozi kama sisi, hupoza mwili kwa kuhema. Kundi linaloanza saa nne asubuhi na kumaliza saa saba, bila kivuli wala maji, usijiunge nalo miezi hiyo.

Mbwa uliye naye

Usiende kununua Border Collie kwa ajili ya mchezo wa wikendi. Ndiye anayeshinda sana duniani, ni kweli, lakini ni mbwa wa kuchunga kondoo siku nzima, na ukimfungia bandani atakuwa na taabu, nawe pia. Mbwa wa kienyeji mwenye miguu mirefu, kiuno chembamba na uzito mdogo ana umbo ambalo mchezo huu unalipenda. KSPCA, shirika la kutetea wanyama kule Karen, wana mbwa wa aina hiyo wanaosubiri nyumba. Japanese Spitz aliyejaa kwenye fleti zetu ni mwepesi na ana akili ya mchezo. German Shepherd na Rottweiler wanaweza, ila aina hizi zina tatizo la kurithi la viungo vya nyonga, kwa hiyo daktari wa mifugo awapige eksirei kwanza, na viunzi viwe vya chini. Mbwa mwenye pua iliyobonyea, kama Pug au Bulldog, hupata shida ya kupumua kwenye joto. Mpe handaki na fito zilizolazwa chini, inatosha. Dachshund asiruke, mgongo wake hauruhusu.

Umri ndio unaovunjwa zaidi. Mifupa ya mbwa mchanga ina sehemu ambazo bado zinakua, na kwa mbwa wakubwa huendelea hadi kupita mwaka mmoja. Kanuni za FCI hazimruhusu mbwa kushindana kabla ya miezi 18. Kabla ya mwaka mmoja fito iwe chini, au isizidi kimo cha kiwiko chake, na zigizaga za kurudia rudia zingoje. Kuna mengi ya kufanya bila hayo: kuja akiitwa, kungoja, kupita katikati ya nguzo mbili za kiunzi fito ikiwa imelala chini, kurudi nyuma akipanda kitabu kinene kwa miguu ya nyuma ili ajue miguu hiyo ipo, kusimama miguu ya mbele chini na ya nyuma juu ya ngazi. Haya yote yanafanyika hata kwenye kabro, hata sebuleni.

Uzito tazama kwa mkono: mbavu uzipapase bila kutafuta. Kucha zikatwe. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe ya mwaka huu, pamoja na ya parvo na distempa, hasa kama unaelekea kwenye kundi, kwani uwanja mmoja hukanyagwa na mbwa wa mitaa mingi. Na kupe. Mbwa aliyekuwa mwepesi akaanza kuburuta miguu, kukataa chakula au kutoka damu puani, usimpeleke kwa mkufunzi, mpeleke kwa daktari. Homa ya kupe ni ya kawaida hapa, na ikigunduliwa mapema hutibika.

Wenye mbwa wa ulinzi huuliza kama mchezo huu utamlegeza. Sioni sababu. Mbwa anayekuja akiitwa hata akiwa kwenye kasi kubwa ni mlinzi bora, kwa sababu mgeni akiingia getini unaweza kumzuia mbwa huyo.

Ningechagua hivi

Anayekaa fleti bila ua: kundi, mara moja kwa wiki, na mambo ya msingi sebuleni siku nyingine. Ufagio juu ya makopo mawili ya chini kabisa, zulia chini, avuke kwa kutembea. Mkufunzi wa nyumbani katika fleti ya vyumba viwili ni pesa inayopotea.

Mwenye ua wa nyasi na muda wa alfajiri: uani miezi mitatu ya kwanza, kisha kundi. Hii ndiyo njia ninayoipendelea kuliko zote, kwa sababu mbwa anafika uwanjani akiwa anakutazama wewe, na mkufunzi wa kundi hapotezi muda wake kumfundisha neno "ngoja".

Mwenye ua, mbwa mkubwa mwenye nguvu, na uzoefu mdogo: mkufunzi wa nyumbani kwa vipindi vichache, Jumamosi, ukiwepo. Akufundishe kumshika, kumwita na kumlipa kwa wakati. Kisha endelea peke yako au nenda kwenye kundi. Usifunge naye mkataba wa miezi sita kabla hujamwona akifanya kazi.

Mwenye nia ya kushindana hana budi kuwa uwanjani. Maonyesho ya East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa ukoo, ni mahali pazuri pa kukutana na wafugaji na wakufunzi na kuuliza nani anafanya mazoezi wapi.

Vyovyote vile, mkufunzi mchunguze. Wakufunzi wengi wa hapa wamelelewa kwenye kazi ya ulinzi, na wengine bado wanatumia mnyororo wa kukaba au kola ya umeme. Kwa mchezo huu napinga hayo moja kwa moja. Mbwa anatakiwa akimbie bila kamba, mbali nawe, kwa hiari yake. Mwenye hofu atapunguza mwendo, atanusa chini, au atatoka uwanjani. Muulize mkufunzi: mbwa akikosea unafanya nini? Akijibu kwamba anarudi hatua moja, anarahisisha na kulipa pale alipofaulu, endelea kumsikiliza. Akisema mbwa lazima ajue nani mkubwa, shukuru uondoke.

Mara ya kwanza nenda bila mbwa. Keti pembeni kipindi kizima. Angalia kama fito zinaanguka, kama kuna maji, kama mbwa mchanga amewekewa kimo chake au anarushwa sawa na wengine. Angalia mkufunzi anaongea na nani zaidi, mbwa au mwenye mbwa. Unataka yule anayemrekebisha mwenye mbwa. Na kipindi kikikaribia mwisho, tazama mbwa walivyo wanaposubiri zamu yao. Wakiwa bado wanavuta kuelekea uwanjani, uliza ada ni ngapi na nafasi ipo lini.